Daftari la Kijani la Bi Mwanatatu

Nilipanga chumba kwa Bi Mwanatatu, mtaa wa Shika Adabu, Likoni, miaka tisa, na katika miaka hiyo sikumbuki kumwona akila chakula chake kikiwa moto. Alikuwa mkunga. Kila akinawa mikono, mtu anapiga hodi. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na mara nyingi nilimwambia, "Bibi, mtoto katulia miezi tisa huko ndani, hawezi kusubiri tonge mbili?" Yeye hucheka, akajifunga leso, akaenda.

Wakunga walikuwa wengi Likoni. Huyu alikuwa na jambo lake: aliandika. Kila mtoto aliyempokea alimtia daftarini, siku na saa, jina lake akishapewa, jina la mama, jina la baba likijulikana, nyumba, na mwanamke aliyekuwapo kushuhudia. Aliandika kwa hati za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani utotoni. Siku moja nilimuuliza faida yake ni nini.

"Kitovu nimekizika mimi," akasema. "Mwenyewe akija kuniuliza ki wapi, nimjibu nini?"

Daftari zilikuwa mbili, kubwa, za jalada gumu. La kijani lilikuwa na watoto wa tangu alipoanza kazi hadi mwisho wa mwaka wa sabini na tatu. Jekundu lilianzia sabini na nne. Akiziweka ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, pamoja na sanda yake.

Mwaka 1994 mwanawe Mbwana, baharia, akamletea kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja ya Ulaya. Ikawekwa sebuleni, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na majirani wakaja kuitazama wakidhani ni runinga. Bi Mwanatatu alikuwa na shauri lake tayari. Alitaka daftari zote mbili ziingie humo kwa herufi za kizungu, kwa sababu makarani wa siku hizi hawasomi hati zake, na macho yake yalikuwa yanakwenda. Na nani wa kuandika? Mimi, Pascalia binti wa Kaloleni, niliyekuwa nafundisha kupiga taipu na kompyuta katika chuo kidogo ghorofani, karibu na feri. Kichwa kikanivimba, nikajiona mtaalamu.

Kompyuta bila programu ni kabati tupu, kwa hiyo nikaleta programu ya kuandikia tuliyoitumia chuoni. Ilikuwa nzuri, na herufi nene na herufi za mlazo. Kasoro yake ni kwamba haikufunguka mpaka utie diski yake maalumu, ya ufunguo. Chuo kilikuwa kimebadili mashine, wakaniachia diski hiyo.

Bi Mwanatatu akanitazama nikiitia. "Hii ni ya nani?"

"Ya kampuni moja, ng'ambo."

"Na mwenyewe ametoa ridhaa tuitumie?"

"Bibi, Mombasa nzima inaitumia hii."

"Mombasa sikuiuliza. Nimeuliza mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe hajulikani, kampuni ilishakufa. Akasema, "Haya mwanangu, mwalimu ni wewe." Hakufurahi, na mimi niliona kwamba hakufurahi, lakini nilikuwa na haraka ya kuonyesha ujuzi wangu.

Tukaanza. Kila Jumamosi baada ya kufua, yeye anasoma, mimi naandika. "Jumatano, adhuhuri, mama Mwanasaumu, mtoto mwanamume, katoka miguu kwanza, alhamdulillahi." Daftari la kijani lilituchukua miezi saba. Nilijua siri za Likoni nusu nzima, na nikaapishwa nisizitoe.

Tulipotaka kushika jekundu, Mbwana akarudi likizo na gazeti la kompyuta lililobandikwa diski mgongoni. Ndani ya diski mlikuwa na programu ya kuandikia ya Mholanzi mmoja aitwaye Hendrik, na barua fupi. Nilimfasiria Bi Mwanatatu neno kwa neno. Mtu yule alisema programu ni ya bure, uitumie, uinakili, umpe jirani. Maandishi yako yatawekwa kwa herufi za kawaida bila kufungwa, ili siku ukiichoka programu yake uende nayo utakako. Alikuwa anatengeneza nyingine za kompyuta za aina nyingine, nazo zitasoma maandishi yale yale. Mwisho alisema, ukipenda, niandikie kadi unieleze uko wapi.

Bi Mwanatatu alinifanya nimsomee mara mbili. "Basi hii ni wakfu," akasema. "Kama kisima cha msikiti. Aliyekichimba hamjui anayekunywa. Jekundu tutaliandika kwa hii."

"Bibi, mbovu hii! Haina hata herufi nene."

"Watoto wangu wengi walizaliwa wembamba. Andika."

Nikaandika, nimenuna. Lakini ridhaa peke yake haikumtosha bibi yule. Kwake kitu cha bure hakichukuliwi mikono mitupu. Mkunga naye hadai, lakini hutolewa ada, japo kipande cha ubani. Akatoa kabatini leso mpya ya *Wema hauozi*, akaikunja, akanituma posta niipeleke Uholanzi. Niliona haya. Nilijiuliza yule mwanamume wa watu ataivaa wapi. Karani wa posta aliponiuliza kilichomo, nilisema nguo, nikaondoka upesi.

Baada ya miezi miwili ikaja bahasha nene. Hendrik aliandika kwamba ameitundika leso ukutani, ameuliza watu mpaka akapata wa kumfasiria maneno yake, na kwa kuwa hatuna namna rahisi ya kupata programu zake nyingine, anatuletea diski mbili za kompyuta za aina mbili nyingine. Sisi tulikuwa na kompyuta moja tu. Nilizitia droo.

"Sizo za kutia droo," Bi Mwanatatu akasema, akazitoa. Alikuwa ameisikiliza ile barua ya kwanza kwa makini kuliko mimi: *uinakili, umpe jirani*. Akaniamuru nitoe nakala za kila kitu, programu na maandishi, kijani na jekundu, akampelekea mtoto wa dada yake, Mwanarehema, aliyekaa Bombolulu. Mwanarehema akavitia vyote ndani ya mkebe wa biskuti wenye mchele wa kunyonya unyevu.

Kisha akaniambia neno ambalo hadi leo nalisikia. "Pascalia, na lile la kijani ulihamishe. Litoe mle mwenye ufunguo, ulitie kwenye hii ya bure."

"Nitalihamisha, Bibi. Jumamosi ijayo."

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Ufunguo ulikuwa mzima, kompyuta nzima, mimi mzima. Sikulihamisha. Nilijiambia nina mitihani ya kusahihisha, nina khanga za kupiga pasi, na kila aliponikumbusha nilisema haraka ya nini. Ukweli ni kwamba nilichukia programu niliyoichagua mimi mwalimu kushindwa na ya gazetini, iliyochaguliwa na bibi asiyejua kuiwasha mashine. Mwaka mzima nikasema Jumamosi ijayo.

Aprili mwaka 1996 wakaja Kafedha na nduguye Lewa, watoto wa marehemu Sidi, mama aliyekuwa akiuza mbaazi pale njia panda. Zilikuwa zama za vitambulisho vipya. Ofisini waliulizwa ushahidi wa mahali walipozaliwa, nao hawakuwa na kadi ya kliniki wala cheti cha kuzaliwa. Lewa alitakiwa kazini, karakana ya kuchomea vyuma. Kafedha alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, kuanza Septemba, na aliandikiwa afike na kitambulisho. Alitaka uuguzi tangu mdogo, alipokuwa akimbebea Bi Mwanatatu beseni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Ninyi nyote nimewapokea mimi. Wewe Kafedha wa sabini na tatu, umo katika kijani. Lewa wa sabini na sita, umo katika jekundu. Njooni Jumamosi, Pascalia awatolee."

Alhamisi mvua ya masika ikapasua bati la sebule. Maji yaliteremka juu ya kompyuta tangu alfajiri, sisi tuko uani tunahangaika na kuku, na tulipoingia ilikuwa imekwisha. Bi Mwanatatu hakushtuka sana. "Daftari zipo," akasema. Tukalivuta sanduku. Majalada yalikuwa mazima, la kijani kijani, jekundu jekundu. Alipofunua, ndani kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni na kula kurasa zote, na sanda nayo.

Aliketi chini. Alichukua udongo ule kiganjani akautazama, na mimi nikalia, yeye hakulia. Kisha akasema, "Mwanarehema ana mkebe."

Tukavuka feri, tukapanda gari hadi Bombolulu. Mkebe ulikuwa mkavu. Karibu na kwa Mwanarehema palikuwa na ofisi ya kanisa yenye kompyuta, na karani wake, Rispa, akatutazama kwa huruma. "Hii yetu ni ya aina nyingine kabisa, dada. Programu za hizo zenu hazitembei hapa."

Nikatoa mkebeni zile diski mbili za Hendrik. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ikaingia, ikafunguka, kioo kikawa kile kile cha buluu nilichokitukana mwaka mzima. Nikatia diski ya jekundu. *Lewa, mtoto wa Sidi, Jumatatu, alasiri, nyumba ya Ngumbao, shahidi Kanze.* Bi Mwanatatu alinishika bega kwa nguvu. Nilisikia furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilitaka kumwandikia Mholanzi yule pale pale.

Nikatia diski ya kijani. Ilitoka mistari ya visanduku na vijiti na alama za kuuliza. Nilijaribu kila njia niliyofundisha watu. Nikachukua diski ya ufunguo, niliyokuwa nimekuja nayo mkobani, nipate japo kuitafutia mashine ya zamani mjini. Nilipovuta kile kibati chake, utando wa ndani ulikuwa na ukungu mweupe, duara duara. Hiyo ilikuwa ndiyo moja tu, na haikunakilika.

Jumatatu Bi Mwanatatu alikwenda ofisini na watoto wote wawili. Karatasi ya Lewa, aliyotuchapia Rispa, ilipokewa. Bibi akatia dole gumba chini yake na mambo yakaisha. Kwa Kafedha alisimama akasema kwa mdomo, siku, saa, nyumba, mpaka mvua iliyonyesha siku ile. Karani alimsikiliza kwa adabu. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza.

"Bibi, kama unaandika kila mtoto, huyu mbona hukumwandika?"

Walirudi mchana. Lewa alibaki nje mlangoni, anaona haya kwa bahati yake. Kafedha aliingia akaketi mkekani, akamtazama Bi Mwanatatu, akauliza, "Bibi, jina langu mimi limepotea vipi?"

Nilingoja aseme mchwa. Angeweza kusema mchwa, na lisingekuwa uongo.

"Pascalia," akasema, bila kunitazama. "Mwambie wewe."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya ufunguo, na ya siku mbili, na Jumamosi zote zile. Kafedha hakunitukana. Alisema tu, "Kumbe ulikuwa unaniweka," akasimama akamsaidia bibi kuvua viatu.

Kukusanya viapo vya wazee na mihuri yake kulichukua miezi kumi na moja. Nafasi ya Septemba akapewa mwingine. Bi Mwanatatu hakunigombeza hata siku moja. Jumamosi iliyofuata alininunulisha daftari jipya, akaketi, akaanza kukumbuka kwa mdomo watoto wa kijani, jina la kwanza Kafedha, nami nikaandika kwa kalamu. Alikumbuka mia mbili na kumi na tatu. Waliobaki, Mungu anawajua.

Kafedha aliingia chuoni mwaka uliofuata, na sasa ni muuguzi. Tukikutana hunisalimu vizuri, huniuliza hali. Watu wakisikia habari hii husema ni mchwa. Mchwa walikula daftari. Mwaka wa Kafedha niliula mimi.