Hina yangu ilipauka siku ya harusi, mavyaa akanifunga mikono

Habari zenu wakuu.

Nimesoma swali la yule dada anayetaka kujua kama hina, udi na singo kwenye harusi za Pwani vinaleta bahati kweli au ni maneno ya akina mama tu. Nilianza kumjibu kule kule, yakawa mengi, nikaona nifungue uzi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa hiyo nitayasema yalivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mombasa.

Mimi ni Mdigo wa Kwale ndani. Mama alifariki nikiwa shule, na kwa kuwa ndimi mkubwa, wadogo zangu niliwalea mimi, nyumbani kwa mama mdogo pale Majengo. Baadaye nikapata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi moja ya malori Shimanzi. Mchana taipu, jioni masufuria. Kukaa bure sikukujua.

Akaja kunichumbia kijana wa Kibokoni, Mji wa Kale. Kule watu wanajuana ukoo kwa ukoo, na mimi naingia sina hata mama wa kunisemea. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume, alisifika kwa ukali mtaa mzima. Hata wauza samaki walikuwa wakimpa bei ya mwisho moja kwa moja.

Sasa hina.

Bibi harusi hupakwa hina mikono na miguu, akafungwa vitambaa, akakaa nayo kutwa ili ikoze. Kisha siku ya kutolewa, hukalishwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili, wakamtazama. Wanachosema ni kwamba hina ikikoza, mume kakupenda na nyumba ina heri. Ikipauka, ni mkosi.

Mimi nilipakwa asubuhi. Mama mdogo akanifunga vitambaa akaniambia nisiguse kitu mpaka alasiri. Akatoka na wenzake kupeleka vyombo Kibokoni. Nikabaki peke yangu nimekaa mkekani kama mzigo.

Haukupita muda nikasikia bomba linakohoa.

Waliokaa Mombasa wakati ule wameshanielewa. Maji yalikuwa hayajatoka siku nyingi, tukinunua ya mkokoteni. Nyumba imejaa wageni kutoka Kwale, mapipa makavu, masufuria ya jana yamelala uani. Na bomba linaweza kukata wakati wowote.

Wakuu, sikufikiria hata kidogo. Niling'oa vitambaa kwa meno, nikabandua hina, nikajaza mapipa yote. Kisha nikaona masufuria, nikayasugua kwa jivu na sabuni.

Mama mdogo aliporudi alikuta maji yamejaa na mikono yangu rangi ya karoti. Alikaa chini akalia. Tukajaribu kupaka tena, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Siku ya kutolewa nilipambwa nikapambika. Wiki nzima nimesuguliwa singo mwilini, udi mpaka kwenye nywele, asumini kifuani. Lakini mikono nimeiweka mapajani na kila mtu anaiona. Mwanamke mmoja wa upande wa mume akasema, wala hakunong'ona:

"Hina haikukoza. Maskini, hana nyota huyu."

Niliogopa jamani. Nilimpenda yule kijana, na niliona nyumba yangu inavunjika kabla sijaingia.

Mavyaa akainuka, akaja, akanishika mikono. Akaigeuza viganja juu. Akaviangalia vile vidole vya jivu, akainusa. Kisha akanirudishia mapajani, akarudi kukaa.

Fungate ikapita vizuri. Chakula kilitoka kwetu kama desturi, sisi kazi yetu kula na kulala. Siku iliyofuata nikaamka mapema niingie jikoni, nijikomboe kwa kazi.

Nikamkuta mavyaa mlangoni na bakuli la hina.

"Waenda wapi?"

"Jikoni, mama."

"Njoo hapa. Kaa."

Akanipaka mwenyewe, nene, akafunga vitambaa. Nikakaa mpaka jioni. Ilipoanza kufifia, akanipaka tena. Na tena. Mimi nikajua anaondoa mkosi, kwamba ananionea haya kwa wenziwe. Siku moja nikashindwa, nikamwambia:

"Mama, kama nimewaletea mkosi niambie tu."

Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mkosi gani? Mwanamke mwenye hina mbichi hapiki, hafui, hachoti maji. Ndiyo kazi ya hina hiyo. Mimi niliingizwa jikoni siku ya pili, mikono yangu haijakauka. Siku ile nilikushika nikasikia harufu ya jivu, nikajua huyu hajapata mtu wa kumwambia akae. Sasa mimi nakwambia. Kaa."

Nililia siku ile. Sikuwahi kulia hivyo tangu mama afariki. Na sikuweza hata kujifuta, akanifuta yeye kwa leso yake.

Kwa hiyo dada uliyeuliza, jibu langu ni hili: kama hina inaleta nyota mimi sijui. Ninachojua ni kwamba zile siku zilikuwa mapumziko ya kwanza maishani mwangu, na nadhani waliozianzisha mila hizi walikuwa wanawake waliochoka. Ile habari ya bahati huenda waliiongeza ili waume na mavyaa wasibishe.

Wengine wenye mila zenu za harusi, semeni hapa. Msituambie inaleta heri gani tu, tuambieni ilimfanyia nini bibi harusi.

Mimi naishia hapa, mavyaa ananiita. Ni mzee sasa, presha inamsumbua, daktari kamkataza kazi lakini hasikii, leo asubuhi nimemkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikachukua bakuli la hina nikampaka mikono yote miwili, nikafunga vitambaa.

Anauliza kama imekoza. Imekoza tangu adhuhuri, lakini nitamwambia bado.