Fyuzi Iliyofungwa Mdomo

Pale mwaloni Rumonge, boti za uvuvi zinapoegesha, ukiuliza nyumba ya Kalume, watakuuliza Kalume yupi. Sema Kalume Muchoma Boti, hapo hata mtoto atakuonyesha njia. Mimi jina hilo nimekua nikilikuta midomoni mwa watu, nikalitumia kama wengine, tena kwa kucheka. Leo nikilisikia mwili wote unasisimka.

Naitwa Aliya, binti Hamidou. Wanaonijua watakwambia kwamba sina subira, na sibishani nao. Nasimamia chumba cha mashine cha shirika moja la vituo vya afya vya pwani ya ziwa. Kuanzia Kabezi mpaka huku kwetu, mama akipimwa ujauzito au mtoto akichanjwa, habari zake hazikai tena kwenye daftari, zinakaa ndani ya mashine zangu sita za kompyuta. Zimepangwa kwenye kabati moja la chuma, huko ghorofani, maana chini ziwa limekwisha kututembelea mara mbili. Wakubwa wa Bujumbura hawakupenda zikae Rumonge. Madamu Sabine, mkubwa wao na shefu wetu, akanipa siku thelathini: zikizimika hata mara moja, kabati linapanda gari kwenda Bujumbura, na fundi wangu asahau kontra, ule mkataba wa kazi.

Fundi wangu alikuwa Kalume. Nilimchukua kwa sababu wenzake wote walinitajia bei kwa simu, yeye peke yake alikuja kulitazama kabati kwanza. Ni mtu wa Baraka, mji wa ng'ambo ya ziwa huko Kongo, amepita hamsini, mrefu, mikono imejaa makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Zamani alikuwa fundi wa taa za boti za kuvulia ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu. Miaka kumi na sita iliyopita boti moja iliungua ziwani mbele ya Kigwena, mdogo wake Éphraïm akafia humo, na mji mzima ukasema ni nyaya za Kalume. Boti yenyewe ilikuwa ya baba yangu. Tangu hapo hakuna mwenye boti aliyempa hata balbu kuifunga. Akawa anatengeneza pasi na redio za watu, chini ya paa la bati, na wateja wanamwita Muchoma Boti usoni huku wakisubiri pasi zao.

Nyumbani, baba aliposikia nimemchukua Kalume, alininunia siku tatu. Nikasema moyoni, huyu mzee ana kinyongo kikubwa hivi! Sikuuliza zaidi.

Siku ya kwanza Kalume hakukaa kitini. Alisimama mlangoni na kisanduku chake begani.

"Mama shefu, nakwambia mwenyewe usije ukaambiwa barabarani. Unajua watu wananiita nani. Hizi siku makumi tatu zikipita bila mashine kuzimika, watasema Kalume anajua kazi yake. Kukiungua kitu humu, mimi sina tena mji wa kukaa."

"Sawa, Papa Kalume, sawa. Tutafute vyombo," nikamjibu, na huku macho yangu yako kwenye simu.

Chombo chenyewe kilichotuhangaisha ni ralonji, ile safu ya matundu ya umeme. Si hii ya kuchajia simu nyumbani, la. Ni ralonji ndefu ya chuma, inasimamishwa ndani ya kabati kutoka juu mpaka chini, na mashine zote zinanyonya umeme kutoka kwake. Mfanyabiashara mmoja akatuletea aina mbili kutoka Bujumbura tujaribu. Moja, yo! nzuri, nyeusi ya kung'aa, ina kioo kidogo chenye tarakimu za buluu. Nyingine ya kijivu, nzito, mbaya kama mlango wa jela, na mwishoni ina kifuniko cha kuzungusha ambacho ndani yake mnakaa fyuzi. Mimi nikaikumbatia ile ya buluu palepale.

Kalume akaenda kuleta pasi mbili za wateja wake, akazichomeka kwenye ile nyeusi, akaziacha saa nzima. Kisha akagusa kila tundu kwa mgongo wa mkono, akainama akanusa. Akaniita.

"Gusa."

Nikagusa, nikarudisha mkono mbio. Linachoma! Akaifungua kwa bisibisi mbele ya macho yangu. Nilidhani nitaona nyaya, nikaona vijiwaya vyembamba kama uzi wa kushonea. Kile kioo cha tarakimu za buluu kilikuwa kimebandikwa pale kwa gundi, hakipimi chochote, kinaandika namba ileile hata ukichomoa kila kitu! Nilimpigia yule mfanyabiashara, nikamtukana mpaka akakata simu.

Ile ya kijivu ilikaa na pasi zote mbili saa nzima na mwili wake ukabaki baridi. "Basi tuchukue hii," nikasema. Kalume akasema tuchukue mbili.

"Mbili za nini? Kabati si moja?"

"Angalia nyuma ya mashine yako. Iko na mikia miwili. Aliyeitengeneza alikuwa mjinga, akapoteza waya bure? Mkia mmoja ralonji ya kushoto, mkia mwingine ralonji ya kuume. Na kila ralonji ibebe nusu ya nguvu yake tu, isipite. Siku ralonji moja ikikufa, mwenzake anabeba vyote, na mashine hazijui kama kuna kitu kimetokea."

Bei yake ilinikausha mate. Tulibishana siku mbili, nikapandisha sauti, yeye hakupandisha, mwishowe nikanunua mbili ili aniache. Akazifunga, akakata kipande cha boksi, akakitundika juu yake kimeandikwa kwa makaa: HAPA MASHINE TU. Akanionya juu ya fyuzi: "Ikikatika usigombane nayo. Uliza nani amekula kupita kiasi."

Siku ya kumi na tisa shangazi yake akafariki Baraka, Kalume akavuka kwenda matangani. Nami asubuhi hiyo, Mungu anisamehe, nilitaka chai. Tundu la ukutani lilikuwa mbali, ralonji ya kushoto iko karibu. Nikachomeka birika la umeme palepale chini ya lile boksi. Maji hayajachemka, nikasikia tap! Taa za ralonji zikazima, kabati likaanza kulia.

Nikalikimbilia kabati. Nikatazama mashine: zote sita zinawaka, zinakula kwa mikia ya kuume, kama alivyosema. Ilinipasa nimshukuru. Badala yake nikapandwa na hasira. Chombo cha bei yote ile kinakatika kwa kikombe cha chai! Fyuzi za akiba amefungia kwenye kisanduku chake, ameondoka na ufunguo! Na ya kuume nayo ikikatika leo, si ndiyo mwisho wetu?

Basi nikafanya jambo nililolijua tangu utotoni. Sisi watu wa boti hatupendani na fyuzi. Uko katikati ya ziwa, ndagala wamejaa chini ya taa, fyuzi inakatika, giza, samaki wanatawanyika, kazi yote imekwenda na maji. Kwa hiyo wenye boti wengi huifunga mdomo: unachukua karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, unaizungushia fyuzi iliyokufa, unairudisha mahali pake, na umeme unapita upende usipende. Baba alikuwa wa kwanza mwaloni kuacha taa za petroli na kutumia jenereta ndogo, na mimi ndiye nilikuwa mfunga mdomo wake. Vidole vyangu vya mtoto viliingia vizuri kwenye kisanduku cha fyuzi. Nilikuwa naikunja karatasi mara nne, nazungushia, halafu nasokota ncha zote mbili kama bonboni, peremende ya kwenye karatasi. Baba alikuwa anacheka, ananipa faranga hamsini ninunue andazi.

Nikaomba pakiti kwa mlinzi, nikakunja mara nne, nikasokota ncha. Ralonji ikawaka. Na chai nikaendelea kunywa. Kalume aliporudi sikumwambia. Ningeanzia wapi, mimi shefu mzima?

Siku ya ishirini na nane Madamu Sabine akaja na wageni wawili. Kalume alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka lina makali. Joto lilikuwa kali, nikachomeka feni kubwa, nikachomeka na birika niwapikie wageni chai, nikiwa najisikia bibi harusi. Tumekaa kidogo, Madamu Sabine akakunja pua.

"Nini kinanuka?"

Nilipogeuka, moshi mweusi ulikuwa unatoka ubavuni mwa kabati. Yebabawe! Nilipiga kelele nikabaki nimesimama palepale. Kalume alipita mbele yangu, akaishika ile ralonji ya kushoto kwa mikono mitupu, akaung'oa waya wake ukutani, akaikokota nje ya kabati, akaimwagia ndoo ya mchanga aliyoiweka mwenyewe pembeni siku ya kwanza. Nyuma yake mashine zote sita zinakonyeza taa zao za kijani. Hakuna hata moja iliyozimika.

Lakini Madamu Sabine hakutazama mashine. Alimtazama Kalume.

"Huyu si ndiye yule aliyeunguza boti? Niliambiwa, nikakataa kuamini. Aliya, ulifikiri nini kumleta mtu huyu hapa?"

Viganja vya Kalume vilikuwa vyekundu. Alipiga magoti, akazungusha kile kifuniko kwa bisibisi, akaitoa fyuzi, akaiweka mkononi, akaitazama. Akaendelea kuitazama mpaka nikaogopa. Kisha akafungua kisanduku chake, akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka kilichofifia maandishi, akatoa humo kitu kidogo cheusi, akakiweka kando ya kile kingine.

Zilikuwa fyuzi mbili. Moja mpya, moja imeungua zamani. Zote zimefungwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Zote zimesokotwa ncha kama bonboni.

"Hii nilitoa mwenyewe kwa mabaki ya boti, kesho yake ya moto," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mchana ule nilikuwa nimetia fyuzi ya kweli. Ya kweli, kwa hii mikono. Nikampelekea Hamidou, nikamwambia angalia, kuna mutu alifungua nyuma yangu. Akasema ni uchafu tu, nitupe. Nikauliza mwalo wote, kijana kwa kijana, nani anakunja hivi. Wakanicheka." Akainua macho. "Mama shefu, hii ya leo nani amekunja?"

Nilitaka kusema sijui, na ulimi ulikuwa umekwisha kujiandaa. Nikaviona vidole vyangu. Nikakumbuka jioni ile, kijua cha mwisho, baba ananinyanyua kuniingiza ndani ya boti, ananiambia fanya haraka kabla fundi hajarudi. Nilikuwa na miaka kumi. Éphraïm alinipokea kwa mikono miwili nisiteleze, akanipa muwa.

"Ni mimi," nikasema. "Madamu, ni mimi. Nilichomeka birika, fyuzi ikakatika, nikaifunga mdomo. Papa Kalume hakujua. Na ile nyeusi..." Nikaionyesha kwa kidole. "Na ile nyeusi ya boti pia ni mimi."

Feni ilikuwa imesimama, birika linatoa mvuke wa mwisho. Kalume alikaa chini sakafuni na shati lake jeupe, akazikusanya zile fyuzi mbili.

"Miaka kumi na sita," akasema, "nilikuwa natafuta mutu mukubwa."

Nililia kilio ambacho sikumlilia hata mama yangu. Kalume hakulia, wala hakunigusa. Madamu Sabine alizitazama zile taa za kijani, akasema mashine zitabaki Rumonge na kontra ya fundi itaandikwa, na kuhusu mimi tutaongea. Kalume akashukuru, murakoze, kisha akanigeukia, akanipa ile fyuzi nyeusi.

"Msamaha tutaangalia, Mungu yupo. Lakini jina langu halikufia humu ndani. Kaseme kule lilikofia."

Nilifika nyumbani nikamkuta baba anakula. Nikaweka ile fyuzi nyeusi kwenye sahani yake. Hakuuliza ni nini. "Ulikuwa mutoto, Aliya," akasema. "Ningesema nini?" Kumbe alijua! Miaka yote hiyo alijua, akamwacha mtu aliyezika mdogo wake atembee na jina lile, na siku ya Idi tunapika pilau. Nilimwambia asubuhi tunakwenda wote, au mimi si mtoto wake tena.

Asubuhi mwaloni wanawake walikuwa wanaanika ndagala, boti zinavutwa nchi kavu. Nilipanda juu ya kreti, mimi mwenye kelele zangu zote, na sauti haikutoka mpaka mara ya pili. Nikasema boti ya Hamidou haikuunguzwa na Kalume, ni mimi niliyefunga fyuzi mdomo. Mikono iliyokuwa inatandaza samaki ikasimama. Mama Keren, ambaye ndiye aliyefua nguo aliyozikwa nayo Éphraïm, akaniuliza polepole:

"Mutoto wa miaka kumi, nani alikutuma?"

Nikamtazama baba, aliyekuwa chini ya kreti yangu. Kalume alikuwa amesimama nyuma ya watu, na kisanduku chake begani, viganja vimefungwa kitambaa. Watu wote wakamgeukia baba. Baba alivua kofia yake, akaishika kifuani kama aliye msibani.

"Ni miye," akasema. "Ni miye nilimufundisha."