Usiku Elfu Tatu kwa Jina la Ragnfrid

Je, usiku ambao mtu ameshaulala unaweza kunyang'anywa?

Ni saa moja kasorobo asubuhi katika mapokezi ya Hoteli ya Elvegard, mjini Førde, na swali hilo ameulizwa Ragnfrid Hovland, mpokeaji wageni. Aliyemuuliza amesimama mbele yake akiwa na kofia mkononi na mkate wake wa safari umefungwa kwa karatasi, kama anavyoufunga kila asubuhi kutoka meza ya kifungua kinywa. Huyu ni Oddmund Sæle, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, fundi anayezunguka makanisa ya magharibi mwa Norwe akirekebisha sauti za vinanda.

"Mashine inasema sijawahi kulala hapa," anasema. "Haya, yule anayekoroma chumba namba kumi na nne miaka kumi na sita yote ni nani?"

"Mkoromo wako naujua, Mzee Oddmund. Hata wa chumba cha juu wanaujua," anajibu Ragnfrid. "Ngoja nitazame tena."

Anatazama tena. Jina halipo. Usiku mia mbili na kumi na mbili ambao Oddmund aliukusanya haupo pia.

Mvua inapiga kioo cha mlango. Oddmund anavaa kofia, anasema atapita tena wiki ijayo, kisha anatoka kwenda kwenye gari lake lenye mabomba ya kinanda nyuma. Hakukasirika. Ragnfrid anasema angekasirika ingekuwa afadhali.

Ragnfrid ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Askvoll, binti wa baharia wa kivuko, na aliingia Elvegard miaka ishirini na saba iliyopita kama mfanya usafi wa vyumba. Baada ya miaka minne alihamishiwa mapokezi, kwa sababu, anavyosimulia, aliyekuwepo aliolewa Bergen na hakukuwa na mwingine aliyejua kucheka na wageni saa kumi na mbili asubuhi. Analipwa kroni elfu thelathini na sita na mia nne kwa mwezi kabla ya kodi. Kwa mshahara huo aliwalea watoto wawili peke yake. Mkubwa ni fundi umeme, na mdogo, Sunniva, anasomea uuguzi.

Elvegard ilikuwa moja ya hoteli saba za kampuni ndogo iliyoitwa Kystlykt, maana yake taa ya pwani. Wageni wake hawakuwa watalii. Walikuwa mafundi, mabaharia, wauza vyombo vya uvuvi, watu wa visiwani wanaokuja mjini kuwatazama wagonjwa wao. Kila aliyelala alipigiwa muhuri wa taa kwenye kadi ya uanachama. Aliyefikisha mihuri mia mbili alipewa usiku kumi na nne bure, katika hoteli yoyote kati ya zile saba, pamoja na amtakaye.

Oddmund alijua mapema amtakaye. Katika miaka yote ya kazi alikuwa akilala nje ya nyumba yake usiku mmoja kati ya kila tano, na mkewe, Jorunn, hakuwahi kulalamika isipokuwa mara moja. Siku hiyo Oddmund alimwahidi kwamba kila usiku alioulala bila yeye katika hoteli hizo ataufanya akiba, na siku moja watautumia wawili. Septemba hii wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Chumba kilikwishachaguliwa Bergen, chenye dirisha linaloelekea bandarini.

Kisha, mwezi Januari, Kystlykt ikanunuliwa. Mnunuzi ni Hallgrand, kampuni ya Stockholm yenye hoteli zaidi ya mia mbili. Mabango yalibadilishwa kwa siku mbili. Wanachama waliandikiwa barua yenye maneno matamu: hakuna kitakachopotea, usiku wenu wote utahamia nyumba kubwa zaidi. Ragnfrid mwenyewe aliibandika barua hiyo ukutani, na aliiamini.

Asubuhi hiyo ya Aprili, Oddmund alipokwisha kuondoka, Ragnfrid alifungua barua pepe zake. Ya kwanza ilikuwa na picha ya fataki. "Hongera, Ragnfrid!" ilisema. "Umefikia ngazi ya juu kabisa ya uanachama. Usiku uliolala kwetu: 3,118."

Halldis Nygjerde, mpishi wa kifungua kinywa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hotelini hapo, aliisoma akiwa nyuma ya bega lake, sahani ya samaki wa siki mkononi.

"Usiku elfu tatu!" alisema. "Miaka minane na nusu ya kulala, mwanamke wewe, na bado una mifuko chini ya macho?"

Ragnfrid hakucheka. Alikuwa ameshaelewa.

Miaka kumi na moja iliyopita, kadi za mihuri zilipohamishiwa kwenye kompyuta, kila mwanachama alitakiwa kuwa na anwani ya barua pepe. Vijana walikuwa nazo. Wazee wengi hawakuwa nazo, na wengine walikuwa nazo ila hawakutaka kumpa mtu. "Andika yako," walimwambia. "Si wewe ndiye tunayekujua?" Akaandika yake. Mmoja, wawili, kumi. Alipoacha walikuwa arobaini na watatu. Taarifa zao zilimfikia yeye, naye akawasomea mezani wakija kunywa kahawa.

Mfumo wa zamani ulimtambua mtu kwa jina. Mfumo wa Hallgrand unamtambua kwa anwani. Siku hoteli zilipounganishwa, kompyuta iliwakuta watu arobaini na watatu wenye anwani moja, ikaona kwamba hawawezi kuwa ila mtu mmoja, ikawakunja wote ndani ya jina la mwenye anwani.

"Hakuna aliyewaibia," anasema Ragnfrid. "Niliwapokea mlangoni kwa miaka yote hiyo, halafu mimi ndiye niliyewameza."

Meneja wa hoteli, Eivind Kvamme, ni kijana wa miaka thelathini na mitatu ambaye Ragnfrid alimfundisha kazi. Alifunga mlango wa ofisi kabla ya kusema neno. Kanuni za Hallgrand, alimweleza, zinakataza mfanyakazi kushika usiku wa mgeni kwa namna yoyote, na adhabu yake ni kuachishwa kazi. Malalamiko ya wanachama yanapokelewa hadi siku ya mwisho ya Mei. Baada ya hapo kumbukumbu za Kystlykt zinafutwa.

"Kaa kimya, Ragnfrid," alisema. "Nakuomba. Wazee tutawapa kahawa, tutawapa pole, na mwezi wa sita hakuna atakayejua. Ukisema, mimi siwezi kukukinga."

"Na kofia ya Oddmund akiivua mbele yangu, nitaangalia wapi?"

"Utaangalia kompyuta. Kama sisi sote."

Mji wa Førde una hoteli tatu, na mbili kati yake sasa ni za Hallgrand. Mwanamke wa miaka hamsini na minne akifukuzwa kwa kosa la kukosa uaminifu, anajua mlango wa tatu utamtazamaje. Ragnfrid alirudi kwenye meza yake na, kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa kimya siku sita.

Siku ya saba Oddmund alipita kama alivyoahidi. Ragnfrid alikuwa ametafuta njia ya mkato. Mwanachama wa ngazi ya juu anaruhusiwa kuwakatia wageni wake vyumba. Angeweza kumkatia Oddmund usiku kumi na nne Bergen kwa kugusa kitufe kimoja, na mambo yakaisha hapo. Alimweleza kwa sauti ya chini.

Oddmund alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nikafike Bergen na Jorunn, niseme mimi ni mgeni wa Ragnfrid?" aliuliza. "Miaka hamsini ya ndoa, mke wangu ataniuliza huyo Ragnfrid ni nani na amenifadhili kwa lipi!"

Wote wawili walicheka hadi Halldis akachungulia kutoka jikoni. Kisha mzee akaweka kofia juu ya meza.

"Sikiliza, binti yangu. Zawadi siikatai. Lakini ule usiku niliulala mimi. Niliulala Jølster na theluji mlangoni, nikaulala hapa na homa, mama watoto yuko peke yake nyumbani. Nikiupokea kama sadaka, basi nilikuwa nafanya nini miaka yote? Na hao wenzangu arobaini na wawili, utawakatia wote?"

Ragnfrid alichapa orodha ya majina yote arobaini na matatu. Jioni hiyo alianza kupiga simu.

Alipiga kwa siku tisa. Kati ya wale arobaini na watatu, wawili walikuwa wamefariki, na warithi wao walipatikana. Mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe Uhispania. Ragnfrid alimweleza kila mmoja jambo lile lile kwa maneno yale yale: kosa ni langu, nahitaji uandike barua yenye jina lako na sahihi yako, uipitishe hotelini.

Saa kumi alasiri, hoteli hiyo huwapikia wageni vafeli, vikeki bapa vya umbo la mioyo, na wanachama wa zamani wakaifanya hiyo kuwa saa yao. Walikuja na makoti ya mvua, wakapaka krimu na jamu, wakatia sahihi. Arnljot Bakke, nahodha mstaafu wa kivuko, mwenye usiku tisini na sita, aliingia akipaza sauti.

"Yuko wapi huyo mwanamke aliyelala na wanaume arobaini?"

"Kaa chini, Arnljot, na kumi na tisa kati yao ni wanawake," alimjibu Ragnfrid bila kuinua kichwa. "Kalamu hiyo hapo."

"Mimi sina hasira na wewe," alisema nahodha akitafuna. "Nina hasira na mashine isiyojua tofauti kati yangu na Borghild wa posta. Hata gizani mtu angetutofautisha!"

Borghild, aliyekuwa meza ya jirani, alimrushia kitambaa cha karatasi.

Jambo ambalo Ragnfrid hakulitarajia lilitokea mwanzoni mwa Mei. Aliwapigia wenzake wa mapokezi katika hoteli nyingine sita zilizokuwa za Kystlykt, akidhani atawauliza tu utaratibu wa malalamiko. Wa Måløy alishusha sauti kwenye simu, akasema: "Na wewe? Mimi ninao kumi na wanane." Wa Ulsteinvik alikuwa nao ishirini na tisa. Wanne kati ya sita walikuwa wamefanya kosa hilo hilo, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake, na kila mmoja alikuwa amekaa kimya.

Halldis alipopata habari alivua aproni yake, akavaa beji ya chama, akaandika barua kwa ofisi ya chama Bergen. "Mmoja akikosea ni mkosaji," anasema. "Watano wakikosea kwa kuwasaidia wageni, hivyo ndivyo kazi ilivyofundishwa. Acha Stockholm wajifunze."

Hata hivyo, hakuna aliyemwahidi Ragnfrid chochote. Mwanasheria wa chama alimwambia kwa uwazi kwamba anaweza kumtetea, lakini hawezi kumhakikishia kazi. Sunniva alipiga simu kutoka chuoni akilia kidogo, kisha akasema, "Mama, fanya. Nikipata zamu za wikendi tutaishi." Ragnfrid anasema hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyolala vizuri tangu Aprili.

Sasa ni tarehe ishirini na mbili Mei, saa nne asubuhi, na chumba cha kifungua kinywa kimepangwa viti kwa safu. Wafanyakazi kumi na tisa wa Elvegard wameitwa kumsikiliza Ebba Wallgren, mkuu wa idara ya wanachama wa Hallgrand, aliyetoka Stockholm kuzungumzia mfumo mpya. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya upole, na anaonekana kuzungumza kwa nia njema. Anaonyesha picha za ngazi za uanachama. Anasema uhamisho umekwenda salama, na kwamba kutoka magharibi yote ya Norwe wamepokea malalamiko kumi na moja tu.

"Kuna swali?" anauliza.

Eivind anatazama viatu vyake. Halldis amesimama mlangoni, mikono kifuani. Ragnfrid anainuka, anatembea hadi mbele, na kuweka juu ya meza bahasha nene ya barua zenye sahihi.

"Malalamiko ni kumi na moja kwa sababu wengine hawajui pa kulalamikia," anasema. "Walimzoea mtu, na mtu huyo ni mimi."

Wallgren anafungua bahasha. Anasoma barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anavuta kiti na kukaa. "Hizi ni ngapi?" anauliza taratibu.

"Arobaini na tatu. Måløy, Ulsteinvik na wengine wanaleta zao wiki hii."

"Unajua kanuni inasema nini juu ya hili?"

"Naijua. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyotaka."

Mtu fulani safu ya nyuma anasogeza kiti. Eivind ameinua kichwa sasa, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili anamtazama Ragnfrid usoni; kisha anainuka na kwenda kusimama kando yake.

Ragnfrid anawageukia wenzake, si mgeni peke yake.

"Usiku elfu tatu mia moja na kumi na nane ulioandikwa kwa jina langu si wangu. Nimeamua kuurudisha, wote, kwa wenyewe, jina kwa jina, kabla ya tarehe thelathini na moja. Nitakaa mapokezi na kuifanya kazi hiyo iwapo bado nimeajiriwa, na iwapo nitakuwa nimefukuzwa nitakaa meza ya wageni na kuifanya hapo. Naanza leo, na ninaanza na Oddmund Sæle."