Jiwe la Ntirampeba

Katika nyumba yake huko Kitahana, Ininahazwe ndiye pekee ambaye hakuwahi kuisikia ile sauti. Ilikuja mchana, yeye akiwa amejinyoosha kitandani baada ya kutoka kupalilia maharage. Jiwe linasaga juu ya jiwe, polepole, linanyamaza, linaanza tena. Watoto wa jirani walikuwa wakiisikia wanatimua mbio na kuacha ndala zao uani. Naye akiamka, kichwa kinamgonga kuanzia kwenye panja mpaka nyuma ya masikio, na taya limekaza kama la mtu aliyetafuna muwa kutwa nzima.

Hakuna aliyeuliza jiwe ni la nani. Mama mkwe wake, marehemu Ntirampeba, alisaga ulezi maisha yake yote. Kwenye ukoo wao, mwanamke mwenye nyumba akifa, jiwe lake la kusagia hufudikizwa, uso chini, kabla waombolezaji hawajatawanyika, ili apumzike. La Ntirampeba halikufudikizwa. Mwanawe Anania, mume wa Ininahazwe, alikuwa kwenye vibarua katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akafika kaburi limeshafukiwa. Akakataa katakata jiwe kuguswa na mtu. Likabaki jikoni, uso juu, nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala.

Ikafika mahali Ininahazwe, kwa kusimuliwa tu, akaamini bibi kizee anasagia ulezi ndani ya kichwa chake. Cheka ukipenda, kichwa si chako. Akiinama shambani anaona giza, na mtoto yuko mgongoni. Aliogopa kurukwa na akili. Alimsihi mumewe alifudikize lile jiwe, lakini Anania, mtu mpole asiyemnyima mkewe kitu, kwa hilo alitia pamba masikioni.

Kumbe alikuwa na lake jambo. Jirani ndiye aliyemtonya Ininahazwe: sauti ikianza, Anania huvuta kigoda mpaka mlangoni pa chumba, akazungumza nayo. Humpa mama yake habari za mvua na za mjukuu, kisha humwomba radhi kwa kutomzika. Ininahazwe damu ilimsisimka. Mwanamume anaongea na marehemu, na yeye amelala pale pale, hana hili wala lile.

Kilichompeleka Kibondo mjini ni jino, wala si kichwa. Gego lilimeguka akila ugali wa muhogo. Daktari wa meno, Nurudini, alimng'atisha karatasi ya bluu ya kuonyesha meno yanavyokutana, akachungulia. Kisha akampa kioo. Meno yalikuwa yamelika, yamekuwa bapa. Gego la chini aling'olewa zamani, na la juu yake likashuka kuelekea kwenye pengo, basi akifunga mdomo meno hayakutani sawasawa. Daktari akamweleza kwamba anasaga meno usingizini, tena kwa nguvu, na kwamba misuli ya taya hupanda mpaka kwenye panja. Ikichoka, kichwa huuma. Hakuapa kwamba pengo ndilo chanzo cha yote, maana hata mawazo husagisha watu meno. Akaliziba lililomeguka, akalisawazisha lile lililoshuka, akachukua umbo la meno ili atengenezewe kipande cha plastiki cha kuvaa akilala.

Ininahazwe alimuuliza sauti yake huwaje.

"Kama mtu anasaga nafaka," daktari alisema, bila kuinua kichwa.

Ininahazwe alishika taya lake kwa mikono miwili. Jibu alikuwa amelipata, lakini hofu ndiyo kwanza iliongezeka. Muda wote huo mumewe alikuwa akiuungamia mdomo wa mkewe, si marehemu.

Alimweleza Anania kila kitu. Anania aliendelea kumenya muhogo.

Plastiki ilipokuwa tayari, Ininahazwe aliivaa akalala mchana wake kama kawaida. Aliamka kichwa chepesi. Alilia kwa furaha, peke yake, akijipapasa panja. Alipofungua mlango alimkuta Anania juu ya kigoda, mikono magotini.

"Hajaja," Anania alisema.

"Ilikuwa ni mimi, Baba Evodia. Nilishakwambia."

"Najua." Alikitazama kile kipande mkononi mwa mkewe. "Kesho usikivae. Kesho tu, Mama Evodia. Sijamuaga."

Ininahazwe alikasirika, akamhurumia, akakasirika tena.

Kesho yake alirudi kutoka shamba, akanawa miguu, akamlaza mtoto. Kile kipande alikifungia kwenye kopo lake, akajilaza akielekea ukutani. Nyuma yake kigoda kiliburutwa taratibu mpaka mlangoni. Alijua kichwa kitamgonga akiamka. Alifumba macho huku anaogopa, akamsubiri mama mkwe wake.