Nusu Aliyoiongeza Fundi

Kwa miaka thelathini na mmoja, fundi viatu huyu alifanya kazi katika chumba chenye dirisha moja lililoelekea mlimani, na kila mteja aliyetafuta viatu vya kukimbilia huko alipewa shauri lile lile: achukue kiatu chepesi, na juu ya kipimo chake aongeze nusu namba. Sababu yake ilikuwa sahihi. Mtu anaposhuka mteremko kwa kasi, miguu huvimba na vidole hugonga mbele. Visipoachiwa nafasi, kucha huwa nyeusi na kung'oka. Mchonga funguo, aliyepanga naye chumba hicho, alimbandika jina la Fundi Nusu.

"Siku nikifa," alikuwa akimtania mbele ya wateja, "huyu asipime jeneza langu. Nitagongagonga humo kama punje ndani ya debe!"

Fundi alicheka kila mara, kana kwamba mzaha huo ni mpya.

Binti yake mkubwa alikuwa mkimbiaji. Alipojiandikisha katika mbio za njia ya juu, ambako njia hukatizwa na mwamba wa kukwea kwa mikono na miguu, mwamba mfupi usiohitaji kamba, baba yake alimchagulia viatu mwenyewe. Vilikuwa vyepesi mno, soli ina meno mafupi, na mpira wa nchani ni laini, wa kung'ang'ania jiwe. Akaongeza nusu.

Binti hakurudi. Watu walisema ni ukungu. Wengine, ni jiwe lililolowa. Vitu vyake vilipoletwa, fundi aliingiza mkono katika kiatu cha kulia, akakuta soli ya ndani imehama na kujikunja upande mmoja. Akafahamu. Kwenye mwamba mtu husimama kwa ncha ya kiatu, na mguu ukicheza ndani, ncha haina nguvu. Hakumwambia mtu. Aliviringisha viatu vile katika gazeti, akaviweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo kila aliyemletea kiatu cha mlimani aliambiwa kwamba kazi zimemzidi. Mchonga funguo naye hakuurudia mzaha wake.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, binti yake mdogo aliingia na jozi mbili za viatu mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Akaviona viatu. "Hivyo sitengenezi tena."

"Havijaharibika. Nataka unichagulie. Jumamosi nakwenda ile njia ya juu."

Mchonga funguo alizima mashine yake, akatoka nje kimya kimya.

"Usiende, mama."

"Nitakwenda, Baba. Ukikataa nitachagua mwenyewe, na unanijua, nitachagua kwa rangi."

Fundi aliweka nyundo chini. Kisha alimvalisha jozi ya kwanza, iliyozidi nusu, akamsimamisha kwa ncha za vidole juu ya tofali la kuzuilia mlango, visigino vikining'inia. Kisigino kiliinuka ndani ya kiatu.

"Vua."

Jozi ya pili ilikuwa kipimo chake halisi.

"Hii inanibana vidole."

"Iache ibane."

"Maneno hayo unayasema wewe? Fundi Nusu mzima?"

Hakucheka. Alipanda stuli, akashusha furushi la gazeti, akalifungua, akamwonyesha soli iliyojikunja.

"Dada yako hakuponzwa na ukungu," alisema. "Nimemponza mimi. Mguu ulikuwa unacheza."

Binti aliigusa soli ile kwa kidole.

"Najua, Baba. Asubuhi ile nilimfunga kamba mimi. Aliniambia vinacheza kidogo. Nikamwambia basi avae soksi za pili. Akasema havina neno, amevipima Baba."

Miaka mitatu walikuwa wamekula meza moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Fundi alipiga magoti mbele ya tofali. Alizikaza kamba za jozi iliyobana, tundu kwa tundu, akafunga fundo mara mbili.

"Ukishuka utapoteza kucha."

"Zitaota nyingine."

"Simama tena."

Alisimama kwa ncha. Kisigino hakikuinuka. Fundi alikishika kwa mikono miwili, akamwomba asimame tena, na tena. Na binti, ingawa vidole vilikuwa vimeanza kumuuma, alisimama kila alipoombwa.