Mama Klachi na Mlango wa Kijani

Kwa miaka kumi na tisa Mama Klachi alifundisha watu udereva, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko honi ya gari lake. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu kutwa nzima neno lililomtoka lilikuwa hilo hilo: klachi, nimesema klachi, hiyo ni breki, unataka tuzikwe pamoja? Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, asiyetoka nyumbani bila rangi nyekundu ya mdomo, na hakuogopa kitu chochote chenye magurudumu. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba uvimbe wa titi la kushoto ni saratani, aliuliza swali moja tu.

"Inaua, au inasumbua?"

"Ikiwahiwa, wengi wanapona," daktari akasema. "Na wewe umeiwahi."

"Basi tuanze."

Kuanza kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa dirisha la malipo. Chuo cha udereva hakikuwa kimemkatia bima, na dawa za dripu zilitakiwa mizunguko sita, kila mmoja ukimeza mishahara yake miwili. Mzunguko wa kwanza ulikwenda na akiba yake, na siku chache baadaye nywele nazo zikaaga. Wa pili ulikwenda na friji, kabati na pikipiki ya marehemu mumewe, ambayo, kwa maneno yake, marehemu aliipenda kuliko yeye na aliipeleka matembezini mara nyingi zaidi. Wa tatu ukakaribia akiwa amebaki na kitanda na televisheni iliyotoa sauti bila picha.

Ndipo mdogo wake, fundi wa friji mwenye moyo mzuri na mipango mibovu, akaja na wazo la mchango.

"Dada, futa hiyo rangi ya mdomo nikupige picha, niisambaze kwenye simu."

"Niifute kwa nini?"

"Unaonekana kama unakwenda harusini. Nani atatoa hela?"

"Kwa hiyo nife kidogo ndio wachange?"

"Si kufa. Legeza shingo tu."

Akafuta, akalegeza. Alipoonyeshwa picha, alicheka mpaka akakohoa. "Huyu amekufa wiki iliyopita. Watachanga ya sanda."

Hakukosea sana. Kwa siku tatu simu ilijaa pole. Mkurugenzi wa chuo aliandika, "Tuko pamoja," kisha akanyamaza, ikawa dhahiri kwamba huko pamoja hakukuwa na senti. Jamaa mmoja wa mbali alipiga kuuliza mazishi ni saa ngapi. Hela zilizopatikana zilitosha nauli na vidonge vya kuzuia kutapika.

Siku ya kupima damu alikaa benchi moja na mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, aliyekuwa na saratani ya utumbo na faili lililofungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki. Mzee alimsikiliza akiilaani hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa geti, kisha akamuuliza, "Umeshaenda ustawi wa jamii?"

"Kule si wanakopelekwa watoto waliotupwa?"

"Na wagonjwa walioishiwa. Mlango wa kijani, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Hawabandiki tangazo, maana wakibandika tutajaa." Akashusha sauti. "Omba msamaha wa gharama. Halafu mwombe daktari barua ya ule mpango wa watengenezaji dawa, wanaosaidia wasioweza kununua. Na usidanganye, mama. Wanakuja mpaka nyumbani kuangalia."

Mama Klachi akaenda moja kwa moja. Akabisha, akaingia, na afisa aliyekuwa mezani akainua uso. Dada huyo alikuwa mwanafunzi wake miaka minne nyuma. Alifeli mtihani mara tatu, na mara ya mwisho Mama Klachi alimwambia mbele ya wenzake kwamba Mungu alimpa miguu miwili mizuri, amshukuru na aitumie.

"Karibu ukae, mwalimu," afisa akasema.

"Unanikumbuka?"

"Kila siku nikiwa kituoni nasubiri basi."

Mama Klachi aliupima mlango kwa macho. Lakini miguu yenyewe ilikuwa imechoka na dawa, na nje hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Akajikaza kisabuni, akakaa.

"Naona nianze kwa kukuomba radhi."

"Fomu haina sehemu ya radhi," afisa akasema, akachukua kalamu. "Nyumba ni yako?"

"Ya kupanga. Chumba kimoja."

"Friji?"

"Nilikuwa nayo."

"Wanaokutegemea?"

"Mdogo wangu. Ana miaka arobaini na nne."

Afisa akabana midomo asicheke. "Na hiyo rangi ya mdomo? Kamati ya msamaha itauliza. Wanapenda mgonjwa afanane na mgonjwa."

"Andika niliinunua kabla sijaugua. Nywele zimekwenda, nyusi zimekwenda, pikipiki imekwenda. Huu mdomo..." Tangu daktari atamke ule ugonjwa hakuwahi kulia, na sasa alilia mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyemtukana, kamasi na yote. Afisa akamsogezea karatasi za kujifutia na kusubiri, bila pole hata moja.

"Barua ya daktari niipate kesho kabla ya saa nne," akasema hatimaye. "Kamati inakaa Alhamisi."

Kesho yake barua ikafika. Jioni hiyo afisa naye akafika chumbani, akawasha televisheni, akaisikiliza taarifa ya habari ikitoka gizani, akaweka alama kwenye karatasi yake na kuondoka. Alikataa hata maji.

Kamati ikamsamehe gharama za vipimo na za daktari. Mpango wa dawa ulijibu baada ya siku tisa: mizunguko minne iliyobaki ingelipiwa, yeye achangie kidogo. Wa tatu ulichelewa wiki moja, na wiki hiyo alimgombeza kila aliyemkaribia. Baadaye alimwambia afisa atamfundisha gari bure. Afisa akajibu kwamba basi linamtosha.

Karani mstaafu hakumaliza matibabu yake. Mama Klachi alikwenda kumzika, akamweleza binti wa mzee jinsi baba yake alivyomwelekeza kwenye mlango wa kijani.

Titi liliondolewa mwaka huo huo. Upasuaji haukusamehewa wote, na mpaka leo anaulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, akinung'unika dirishani hadi mhasibu amemzoea. Vipimo vya mwisho vilikuwa safi. Anatakiwa kurudi kila baada ya miezi sita. Chuo kilimrudisha kwa nusu siku, asubuhi tu, na wiki ya kwanza mwanafunzi mpya akaligonga geti la chuo, naye akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: klachi, nimesema klachi, unataka tuzikwe pamoja?