Kamati ya Motherboard

Kuna siku wanakwaya wawili walishikana mashati ndani ya ofisi ya kanisa, hapa Voi, kwa sababu ya motherboard.

Si shamba. Si siasa. Motherboard, ule ubao wa ndani ya kompyuta ambao vifaa vingine vyote hukaa juu yake.

Nina uhakika kwa sababu mimi, Mwandawiro, ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Na shati moja lilikuwa langu.

Chanzo ni Mama Nasimiyu. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na yeye ametuimbia sauti ya kwanza miaka thelathini. Mwaka huu akatangaza kwamba anarudi kwao Bungoma, kabisa.

"Sitaki leso, sitaki sufuria," akatuambia. "Nirekodini tu, sauti yangu ibaki hapa."

Watu walilia. Halafu, kwa sababu sisi ni sisi, tukaunda kamati.

Tukaamua kujiundia kompyuta ya kurekodia, kifaa kimoja kimoja. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, tulipewa na mkwe wa mwenyekiti wetu, Mzee Ndambuki. Ikafungiwa kabatini. Ikabaki motherboard tu.

Mimi nilitaka ile ya boksi jeusi. Binamu yangu wa Taveta anayo ya kampuni hiyo, imekula vumbi miaka sita na haijawahi kukohoa.

Chrispine, mpiga kinanda wetu kutoka Mwatate, alitaka ya boksi jekundu. Sababu? Inawaka taa.

"Tunarekodi ama tunafungua disko?" nikamuuliza.

"Wewe hujui mambo ya mashine, bro. Hiyo yako ni ya wazee."

Katika mkutano wa kwanza, Evelyn, msichana anayetengeneza simu karibu na stendi, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, hiyo prosesa ni aina gani? Kwa sababu kwanza..."

"Binti yangu," Mzee Ndambuki akamkatiza, "ajenda ya leo ni kampuni. Hiyo ilete kwa mengineyo."

Nikaandika kwenye kumbukumbu: Dada Evelyn alichangia. Kwa mengineyo hatukufika.

Tulikaa mikutano saba, ndugu zangu. Soprano wakawa Wekundu, besi wakawa Weusi. Chrispine akaacha kunisalimia hata kwenye salamu za amani. Grupu ya WhatsApp ikafungwa mara mbili.

Kila Jumamosi Mama Nasimiyu alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, akitungoja tumalize ndiyo tufanye mazoezi. Evelyn alichoshwa na ajenda tangu siku ile ya kwanza, akawa anatoka kukaa naye huko.

Mkutano wa saba ndio ule wa mashati. Tulipotenganishwa, tukapiga kura. Weusi tukashinda kwa kura moja.

Leo naungama. Nilipiga mara mbili, moja kama mwanakwaya, nyingine kama katibu.

Ubao ukafika kutoka Nairobi siku moja kabla ya safari ya Mama. Tukauombea. Evelyn akaitwa aunganishe, Mama naye akaketi kando kutazama. Akaangalia prosesa, akaangalia ubao, akatuangalia sisi.

"Haiingii."

"Sukuma kidogo," akashauri Mzee Ndambuki.

"Mzee, hii prosesa iko na miguu chini. Na huu ubao pia uko na miguu, badala ya matundu, pale prosesa inafaa kukaa. Hizi haziwezi kuoana."

Chrispine akaanza kutabasamu. "Si nilisema nyekundu?"

"Hata hiyo yako haingeingia, nayo ni ya miguu. Hizo kampuni zote mbili zinatengeneza za aina zote mbili, za miguu na za matundu. Ndiyo nilikuwa nataka kuuliza siku ya kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze. Treni ya Mama ilikuwa kesho yake. Nikamgeukia nimwombe msamaha.

Ndipo Evelyn akatoa simu yake.

"Ziko saba," akasema. "Wimbo mmoja kila mkutano. Mlikuwa mnakawia sana."

Akabonyeza. Sauti ya Mama ikajaa ofisi, safi, haina haraka. Nikalia, na sikuona aibu.

Halafu katikati ya ubeti wa pili, pale anaposhusha sauti, mtu akasikika kwa nyuma akipayuka: "Hoja ya nidhamu, Mwenyekiti! Nyeusi! Nyeusi!"

Alikuwa ni mimi.

"Evelyn, tafadhali, hizo kelele zifutwe," nikamsihi.

"Zisifutwe," Mama Nasimiyu akasema. "Mimi niliomba sauti yangu ibaki. Na yako ibaki pia, uwe unajisikia."

Kesho yake akaenda zake. Kila tukiucheza ule wimbo, kanisa zima hugeuka kunitazama ubeti wa pili ukifika.

Ubao uko kabatini mpaka leo. Mweusi, mzuri sana, hauna kazi.

Kwa hivyo wewe unayetoana jasho na watu kuhusu kampuni gani ni kali, uliza kwanza kama kitu kitaingia. Na siku ukiwa katibu, mengineyo yaweke mwanzo wa ajenda.